Magari ya umeme yanakuja, mtoto aendelee kusoma ufundi magari?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro, nalifupisha: "Mwalimu, mwanangu yuko form two mchepuo wa amali, fani ya ufundi magari, na anaipenda kweli. Shida ni baba yake mdogo, ana gereji, anasema magari ya umeme yanakuja na gereji zitakufa, tena vijana wake siku hizi kila kitu wanauliza simu, kwahiyo fundi atakuwa hana maana. Nimwache aendelee au nimhamishe arudi mchepuo wa jumla mapema? Na mdogo wake yuko darasa la tano, yeye nimfikirieje?"

Dada yangu, mwache aendelee. Ila nakuomba usiishie hapo kwenye mwache, kwasababu kuna amali ya kweli, yaani mafunzo ya kazi kwa vitendo, na kuna amali ya jina, na hiyo ndio itakayoamua maisha ya mtoto kuliko hayo magari ya umeme. Ntakueleza kwa urefu kidogo maana swali lako naulizwa na wazazi wengi na wengi wanaamua kwa hofu.

Tuanze na hofu ya shemeji yako, maana hajakosea kabisa. Mabadiliko yapo na hayarudi nyuma. Ethiopia mwanzoni mwa 2024 walitangaza kuzuia kuingiza magari binafsi yasiyo ya umeme. Rwanda kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali lazima ziwe za umeme. Hapo kwenu Morogoro mnaiona wenyewe treni ya SGR, ilianza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro Juni 2024, mwishoni mwa Julai ikafika Dodoma, inatumia umeme, na hapohapo mjini kwenu kuna karakana ya reli ambayo mafundi wake miaka yote wameshika vichwa vya dizeli. Kwahiyo mtu akikwambia umeme ni habari za Ulaya, hapana, umeshafika mlangoni.

Lakini sasa angalia unavyofika. Gari nyingi tunazoendesha ni used za Japan, gari ikiuzwa mpya kule, sisi tunakuja kuifungua gereji miaka kumi baadae au zaidi. Prius ya kwanza ilitoka Japan 1997, Aqua ikatoka mwisho wa 2011, na ni miaka hii ya karibuni ndio fundi wa kawaida anaanza kuletewa hybrid, gari yenye injini na mota ya umeme pamoja, na kujiuliza hizi nyaya za rangi ya chungwa ni za nini (ni za umeme mkubwa). Hii inatupa nafasi ambayo wenzetu hawakuwa nayo, sisi tunaiona kazi ya kesho tukiwa bado na muda wa kujiandaa. Mwanao akimaliza form four 2028 na akaanza kazi, kwa miaka mingi atakuwa anapokea IST na Noah za petroli asubuhi, mchana bajaji ya gesi, jioni hybrid ambayo batri yake kubwa imechoka. Atafanya kazi kwenye mchanganyiko, na mchanganyiko unahitaji fundi anayeelewa zaidi kuliko yule wa zamani.

Alafu gari ya umeme haiondoi ufundi wote. Inaondoa oil ya injini, plagi, cheni ya taimingi, injekta, hizo zinakwenda kweli. Zinabaki breki, bushi, boljointi, taili rodi, bearingi, shokabu, tairi, usukani, bodi, AC, na nyaya zinaongezeka. AC yenyewe nakupa mfano maana nimeiona ikiharibu gari za watu. Kwenye gari nyingi za umeme kipoza hewa hakipozi abiria peke yake, kinapoza na batri, na kompresa yake inazungushwa na umeme mkubwa, kwahiyo oil inayowekwa humo lazima iwe ile isiyopitisha umeme. Fundi wa AC aliyezoea akiweka oil yake ya kila siku, ile insulesheni ndani inaharibika, umeme unaanza kuvuja, gari inajizima kujilinda na mteja anaambiwa kompresa nzima imekufa. Ni kazi ileile ya gesi na oil, imebadilika kitu kimoja tu, na hicho kimoja hakijulikani kwa kukariri, kinajulikana kwa kuelewa kwanini.

Na usalama. Batri ya gari ya kawaida ni volti 12, ukigusa haikuui. Hybrid nyingi zinafika volti 200 na zaidi, za umeme mtupu nyingi zinakwenda 300 mpaka 400, nyingine zaidi. Hapo kuna utaratibu: unazima gari na kuweka ufunguo mbali, unatoa nyaya ya batri ndogo, unavaa glovu za umeme zilizokaguliwa hazina tundu, unachomoa plagi ya usalama ya batri kubwa, unasubiri dakika kama kumi kwasababu kapasita, kifaa kinachotunza umeme, inabaki na umeme, alafu unapima kwa mita kuhakikisha ni sifuri ndio unagusa. Kijana aliyefundishwa kwa mtindo wa "tazama ninavyofanya na wewe ufanye" bila kuambiwa sababu, siku akiwa na haraka ataruka ile ya kusubiri. Aliyeelewa kapasita ni nini haruki.

Ndio maana nasema swali lako la umeme au petroli sio swali kubwa. Kubwa ni hili: mwanao anafundishwa kutafuta tatizo, au anafundishwa kubadilisha spea?

Ngoja nikuonyeshe kwa gari moja. Inakuja IST, taa ya cheki injini inawaka, ikiwa imesimama inatetemeka. Kijana anachomeka mashine ya kusoma makosa ya gari, inatoa namba P0171. Anagoogle au anauliza ChatGPT, anaambiwa mchanganyiko una hewa nyingi mafuta kidogo, angalia sensa ya oksijeni, sensa ya hewa, pampu ya mafuta, injekta, hozi. Yeye anasoma ya kwanza, anamwambia mteja sensa ya oksijeni imekufa, mteja anatoa hela, inafungwa mpya, taa inazimwa, baada ya siku mbili inawaka tena. Hapo anahamia ya pili kwenye orodha. Mteja ananunua spea tatu na gari bado. Hii ndio hali ya gereji nyingi leo na inaniuma kwasababu vijana hawa sio wajinga, hakuna aliyewafundisha.

Ile namba ni kama kipimajoto, inakwambia mgonjwa ana homa, haikwambii ni malaria au taifodi. Kijana aliyefundwa anafungua ukurasa mwingine kwenye mashine ileile, anaangalia kompyuta ya gari inaongeza mafuta kwa asilimia ngapi. Gari ikiwa imesimama hujakanyaga mafuta anaona inaongeza asilimia 20 na kitu. Anakanyaga mpaka injini izunguke mara 2,500 kwa dakika, ile asilimia inashuka karibu na 5. Hapo anajua pampu haina shida, kwasababu pampu ikiwa dhaifu hali ingekuwa mbaya zaidi injini inapohitaji mafuta mengi. Hii inaonekana zaidi ikiwa imesimama, maana yake kuna hewa inaingia kwa njia ya pembeni, na tundu dogo lina nguvu pale injini inapovuta hewa kidogo, ikivuta nyingi tundu halionekani. Anaenda kwenye hozi za manifodi, njia ya kuingizia hewa kwenye injini, anakuta moja imepasuka upande wa chini usioonekana. Spea ya bei ndogo kabisa, na gari imepona.

Sasa niambie hapo kuna nini kitakachokufa gari za umeme zikija? Namba zitabadilika, hozi haitakuwepo, lakini kupima ukiwa katika hali moja, kubadilisha hali, kupima tena, kisha kujiuliza ni kitu gani peke yake kinaweza kuleta tofauti hiyo, ataitumia kwenye batri ya lithiamu vilevile. Akiweza hivyo, teknolojia ikibadilika mara tatu katika maisha yake ya kazi atasoma mwongozo mpya, atakaa na kitu wiki kadhaa, ataendelea. Asipoweza, hata petroli yenyewe itamshinda na tunawaona wengi imewashinda.

Mafundi wakubwa wanaosoma hapa ni mashahidi. Walijifunza na kabureta, unasikiliza injini unazungusha skrubu. Zikaja injini za EFI, ambazo mafuta yanapimwa na kompyuta, na watu wakasema hivihivi, fundi amekwisha, gari zitatengenezwa na kompyuta. Gereji hazikufungwa, ila mafundi waligawanyika, wako waliojifunza na wako waliobaki kusema hizi gari mpya ni mbovu. Hata gesi sasa hivi Dar imefanya hivyohivyo, vijana waliowahi kwenda DIT, chuo cha teknolojia cha Dar, kujifunza kufunga mfumo wa gesi wana kazi, na ni kazi ya kuheshimu, mtungi unabeba mgandamizo wa kama bar 200, hauchezewi.

Kuhusu kumrudisha mchepuo wa jumla, nafikiri wazazi wengi mnaona jumla ndio kimbilio salama, na mimi sioni hivyo. Hizi akili mnemba kama ChatGPT zinafanya nini vizuri? Kuandika barua, kufupisha ripoti, kujaza jedwali, kutafsiri, kujibu maswali ya kukariri. Hizo ni kazi za mezani. Bado hakuna programu itakayolala chini ya gari ikaona bushi imechanika. Sisemi mtoto anayependa historia au uhasibu alazimishwe spana, hapana, nasema usimtoe mtoto kwenye anachokipenda ukidhani unamkimbiza na mabadiliko, huko unakompeleka mabadiliko yametangulia. Na amali haimfungii mlango, hisabati, kiingereza, elimu ya biashara, historia ya Tanzania na maadili bado anasoma, mtihani wa NECTA atafanya, akifaulu vizuri anaweza kwenda kusoma diploma DIT, NIT (chuo cha usafirishaji), Arusha Technical au kwengine mpaka digrii.

Tatizo langu mimi liko kwingine, kwenye shule yenyewe. Hii nchi sio mara ya kwanza kujaribu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, miaka ya sabini sekondari zikawa na michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu, kukawa na shule za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga, Bwiru, Iyunga, Mtwara na Musoma ambazo wazee wakizitaja mpaka leo macho yanang'aa. Wazo lilikuwa zuri na bado ni zuri. Lililoliua ni mambo ya kawaida kabisa, mashine iliharibika haikuwa na spea, mwalimu wa karakana alistaafu hakupatikana mwingine, na mtihani ukaendelea kupenda anayekariri. 2005 tukaleta mtaala wa umahiri, kwenye karatasi ukamtaka mtoto aweze kufanya, darasani mwalimu aliyesoma kwa chaki na notsi akaendelea na chaki na notsi kwasababu hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha upya, na darasa lina watoto mia. Mtaala huu mpya ulianza Januari 2024 na sera yake ikazinduliwa rasmi Dodoma mwanzoni mwa 2025. Naupenda na nataka ufanikiwe, ndio maana nasema wazi: ukikosa karakana na mwalimu, amali inakuwa somo la kunakili kama mengine.

Kwahiyo dada, badala ya kumhamisha, nenda shuleni. Omba uione karakana siku ya kazi, sio siku ya kikao cha wazazi. Angalia kama kuna injini inayowaka, maana injini iliyokatwa ya kuonyeshea ni nzuri ila haifundishi kutafuta tatizo. Angalia mita ziko ngapi na watoto wangapi, wakiwa ishirini kwa mita moja jua kumi na tisa wanatazama. Omba kuona daftari la mwanao la vitendo. Ukikuta "Taja sababu tano za injini kuchemka" alafu sababu tano na tiki nyekundu, hiyo ni kazi ambayo simu inaimaliza ndani ya sekunde na mtoto hajajifunza lolote. Ukikuta "Tulipima nyaya ya stata wakati inazungusha injini, tukapata volti 1.2 zinapotea, tukasafisha tamino, tukapima tena ikawa 0.2", hiyo shule usimtoe mtoto hata wakuongeze ada. Muulize mwalimu wa fani kwa heshima, mara ya mwisho kaenda lini kujinoa. Hapo kwenu kuna bahati kubwa, chuo cha ualimu wa ufundi stadi MVTTC kiko Morogoro na VETA Kihonda iko palepale, shule yenye nia inaweza kuomba watoto wakafanye vitendo huko au mwalimu akae nao likizo. Mzazi mmoja akiongea anaonekana msumbufu, mkiwa wazazi kumi kwenye kamati mkuu wa shule atapata nguvu ya kuandika barua.

Ukikuta karakana ni chumba chenye kufuli, hapo ndio uhame, na uhamie shule nyingine ya amali, usikimbilie jumla.

Hiyo habari ya simu. Shemeji yako ana haki ya kukasirika, ila simu isipigwe marufuku, itafutiwe nafasi yake. Mpe kijana sheria moja ambayo na mimi nawapa wanafunzi wangu: kabla hujauliza simu, andika kwenye daftari unadhani tatizo ni nini na kwanini, kisha uliza, kisha pima. Akili mnemba ni nzuri sana kumweleza sensa inavyofanya kazi, kumfafanulia ukurasa wa mwongozo wa Kiingereza kigumu, kumtungia maswali ya kujipima. Ni mbaya kwenye namba, nyaya gani rangi gani, boliti ikazwe kwa nguvu kiasi gani, inaweza kukutajia kwa kujiamini namba ambayo sio ya gari hiyo, ukakata boliti ya kichwa cha injini. Namba anatafuta kwenye mwongozo wa mtengenezaji. Na kusoma huko kunataka Kiingereza, kwahiyo kijana asidharau kile kipindi akidhani fundi hahitaji, miongozo mingi ya hybrid na umeme haiko kwa Kiswahili na sijui ni lini itakuwa. Akisoma kurasa mbili kila jioni na kuandika kwa Kiswahili chake alichoelewa, inatosha sana.

Walimu wenzangu mnaosoma, na sisi kazi tunazotoa tubadilishe. Mwanafunzi akiweza kuijibu kazi yako akiwa kitandani na simu, hiyo kazi imekwisha muda wake. Mwambie alete namba alizopima mwenyewe, gari gani, siku gani, alitegemea nini na alipata nini. Hata shule isiyo na mashine ya kompyuta, ile ndogo ya bluetooth ya kuchomeka kwenye gari na kusomea kwenye simu ni hela ndogo, kikundi cha wazazi wanaweza kuchanga.

Likizo mpeleke kwa baba yake mdogo, hapo usiwe na wasiwasi hata kama wanabishana, gereji ile ni shule ambayo hatuwezi kuijenga. Ila asiende kuwa wa kutumwa spana na chai tu. Mpangie kila gari anaandika, imekuja na dalili gani, tulipima nini, tulikuta nini, nini kiliponya. Na mwambie shemeji yako kwa upole kwamba VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, wanapimwa, wanapewa cheti, wanaonyeshwa palipopungua. Mtu mwenye uzoefu kama wake akiongeza elimu ya umeme wa gari atakuwa ndio fundi anayetafutwa mji mzima, na mpwa wake akiwa anasoma miongozo na yeye anasikiliza injini kwa sikio lile la miaka, nawaona mbali sana hao wawili.

Huyu mdogo ndio wa kuanza kumhangaikia sasa hivi. Yuko darasa la tano maana yake alikuwa darasa la tatu 2024, ni kundi la kwanza la mtaala mpya, na wao wanamaliza msingi darasa la sita. Mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja, Januari 2028 makundi mawili yataingia form one kwa mara moja, na kwa utaratibu mpya elimu ya lazima ni miaka kumi kwahiyo wote wanatakiwa waende. Madarasa yataongezwa naamini, karakana haziongezeki kwa haraka hiyo. Kama mtoto ana mwelekeo wa amali yoyote, iwe magari, umeme, kilimo, ushonaji, upishi, muziki, anza kutembelea shule mwaka huu, andika zipi zina karakana inayofanya kazi na walimu wangapi wa fani, na kama ni shule binafsi uliza wanaanza lini kupokea fomu za 2028. Na likizo hii ya Juni mpeleke na yeye siku chache gereji, siku chache kwa fundi nguo, siku chache kwa fundi umeme, uone anakaa wapi bila kuomba kurudi nyumbani.